Kasoro za Bwana Mwenye Koti

Picha ilipoingizwa chumba cha ukaguzi Jumatatu asubuhi, ilinuka nywele zilizoungua. Sasa, picha kuukuu hunuka vumbi, hunuka ukungu, hunuka mafuta ya rangi yaliyochacha. Nywele, hapana. Mpagazi aliyeibeba, jitu la mtu ambalo wenzake walilibandika jina la Mbavu, aliiegemeza mezani, akafuta mikono kwenye suruali mara tatu, kisha akarudi kinyumenyume hadi mlangoni bila kuipa kisogo.

"Dada, hii siku ya kuishusha, mimi simo. Mtafute mtu mwingine."

"Ina nini?"

"Tulipopanda nayo ilikuwa inazidi uzito. Mimi nimebeba makabati, nimebeba piano, unajua. Hii ilikuwa inanilalia begani kama mtu aliyechoka kutembea."

"Umekunywa chai leo?"

"Nimekunywa."

"Basi kanywe nyingine," alimjibu, naye Mbavu akaondoka akinung'unika.

Ndivyo alivyokuwa huyo dada, hana muda na vitisho vya watu. Pale nyumba ya mnada walimwita Bi Lenzi, kwa sababu ya kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake kutwa kucha. Alikuwa mkaguzi wa picha, na kazi yake ilikuwa kusema mambo mawili kabla picha haijanadiwa: hali yake ikoje, na nani kaichora. Kiti alichokalia kilikuwa cha baba yake. Mzee alikikalia hadi miaka kumi na mmoja iliyopita, pale alipopooza mkono, akaharibika uso na akapofuka, yote hayo ndani ya wiki moja. Madaktari watatu walitaja magonjwa matatu. Mzee mwenyewe alisema ni umri tu, akafunga mdomo hadi alipofariki, miezi miwili kabla ya Jumatatu hii. Binti yake ndiye aliyemlisha, aliyemnyoa na kumsomea magazeti miaka yote hiyo, na machungu yake yalikuwa bado mabichi.

Basi, akaanza kazi. Picha ilikuwa ya bwana wa makamo aliyevaa koti jeusi, mkono wa kushoto ameulaza ukingoni mwa meza, mdomo umebana kicheko, macho yameharibika. Hapakuwa na sahihi popote, wala mbele wala nyuma. Bi Lenzi akachukua fomu na penseli, maana kando ya picha huandiki kwa wino. Wino ukidondoka, umeshaua mali ya watu. Utaratibu aliufundishwa na baba yake: unaanza pembezoni, unaingia ndani taratibu, uso unakuja nyuma, na macho ndiyo mwisho kabisa, kwa kuwa ukitangulia macho utaipenda picha na kasoro hutaziona tena. Kila kasoro ina mstari wake, na kando ya mstari unatia herufi za jina lako, ili kesho mtu akiuliza ni nani aliyeona hivi, ajulikane.

Siku hiyo aliandika fremu, akaandika kingo, kisha akafika mkononi: *Turubai limechanika, sentimita nne, toka kidole gumba hadi kifundo.* Akatia herufi zake, akafunga ofisi, akaenda zake nyumbani.

Jumanne aliamka mkono wa kushoto umekufa ganzi. Toka kidole gumba hadi kifundo palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, uliofumba kama kidonda cha zamani. Alijisemea kwamba kaulalia. Alipofika kazini na kuwasha taa juu ya picha, moyo ulimlipuka: mkono wa yule bwana ulikuwa mzima.

Alipitisha lenzi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna mchaniko. Hakuna gundi, hakuna kiraka kwa nyuma, hakuna rangi ya kuzibia. Akashusha mapazia, akawasha ile taa ya mwanga wa zambarau inayofichua rangi mpya iliyopakwa juu ya rangi ya zamani. Wapi! Rangi yote ilikuwa ya siku moja.

"Mbavu!" aliita. "Nani kaingia humu jana?"

"Nani aingie humo, dada? Hata panya wamehama."

Kabla hajamaliza kumhoji, mwenye nyumba ya mnada akatokea akisugua viganja. Yeye walimwita Bwana Nyundo, kwa sababu nyundo ya mnada haikuwahi kushikwa na mwingine.

"Enhe, Bi Lenzi! Ni ya bingwa wetu, siyo?" Kulikuwa na mchoraji mmoja wa kale ambaye jina lake tu lilijaza ukumbi wa mnada, na Bwana Nyundo alimwona bingwa huyo katika kila picha yenye giza.

"Bado sijafika huko."

"Fika basi. Ijumaa nainadi. Ule mstari wa mchoraji ukiwa mtupu, ukumbi nao utakuwa mtupu."

"Nitaandika nitakachokiona, bwana mkubwa. Siwezi kukizaa."

Alicheka, akaenda zake. Bi Lenzi akarudi kwenye picha. Mkono ule uliopona ulimkera kuliko ulivyomtisha, naye alikuwa mtu ambaye akikerwa huzidisha kazi. Akaukagua uso. Shavu la kushoto lilikuwa limejaa nyufa nyembambanyembamba, zimetanda kama utando wa buibui. Akaziandika, akatia herufi zake. Penseli ilipoinuka kwenye karatasi, alisikia mlio mdogo ukitoka ndani ya picha, *tik, tik, tik*, kama sufuria inayopoa baada ya kutolewa motoni.

Jumatano alfajiri mama yake alikuwa jikoni akichemsha maziwa. Aligeuka kumwuliza kama ataoga kwanza, na kijiko kikamponyoka.

"Uso wako."

"Nimelalia mto vibaya, mama."

"Usinidanganye. Uso wa namna hiyo nimeupaka mafuta miaka kumi na mmoja." Mama alimshika kidevu, akamgeuzia dirishani, na sauti yake ikashuka hadi kunong'ona. "Baba yako alirudi siku moja mkono hauna uhai. Kesho yake, shavu hilihili. Siku ya tatu hakuja kwa miguu yake, aliletwa na watu wawili, anapapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Nikamwuliza, mume wangu, umeona nini huko? Akaniambia, nimeona vizuri mno."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema jambo hilo limekwisha kwake, nisikutie woga kwenye kazi ya watu." Mama alianza kulia. "Acha kazi mwanangu. Leo hiihii. Macho yako ndiyo yamebaki."

Bi Lenzi alijitazama kwenye kioo kidogo cha jikoni. Shavu lote lilikuwa limeingia nyufa, na ndani ya nyufa ngozi ilikuwa ya kijivu. Aliogopa, tusifichane. Lakini alipokumbuka zile asubuhi zote, baba yake akigeuza shingo kuitafuta sauti yake, akiomba asomewe tena habari aliyokwisha kusomewa, kitu kingine kilimpanda kifuani kikaikalia ile hofu.

"Mkono huu umeshakufa, mama. Nikiacha kazi, utafufuka?"

Mama aliinama akaokota kijiko.

Alipofika kazini alipitiliza hadi stoo ya mafaili, akatafuta faili la mwaka ule. Halikumsumbua. Mwandiko wa baba yake aliujua, ulikuwa wa kulala upande wa kulia. *Mkono: turubai limechanika, sentimita nne. Shavu la kushoto: nyufa. Jicho la kulia: tundu. Jicho la kushoto: rangi imebanduka yote.* Kila mstari na herufi za jina lake. Chini kabisa, penye mchoraji, aliandika *Hajulikani*, na herufi zile zilikuwa zimepinda na kupishana, kazi ya mtu asiyeona anapoandika. Nyuma ya fomu kulikuwa na picha iliyopigwa wiki hiyohiyo, siku ya mnada, bwana mwenye koti akiwa mzima, ananang'anika.

Na kwenye faili jipya kulikuwa na barua ya mwenye mali. Alieleza kwamba picha ilikaa kwake miaka kumi na mmoja bila doa, kisha siku moja, mchana, watu wakiwa wanakula, ikapasuka mkono, uso na macho kwa pamoja. Alitaja tarehe. Bi Lenzi aliisoma mara mbili. Ilikuwa tarehe aliyofariki baba yake, na saa ni ileile.

"Ala!" alisema peke yake mle stoo. "Kumbe ulikuwa umempanda baba yangu kama punda."

Akaenda kwa Bwana Nyundo, akamwomba saa moja, chumba kifungwe, asiingie mtu.

"Uso umefanya nini huo?"

"Ndiyo nakwenda kuuliza."

"Sikiliza, kama unaumwa, nitamwita mkaguzi wa kukodi aje amalizie. Yamebaki macho tu, sivyo?"

"Ndiyo. Macho tu," alisema Bi Lenzi. "Na asije mtu mwingine kuyaandika. Nakuomba. Ni kazi yangu."

Mlangoni alimkuta Mbavu, uso umempauka. Aliposikia kinachoendelea alitaka kukimbilia mganga. Anamjua mmoja, alisema, hachelewi.

"Mganga atamwita nani? Hata jina la huyu hatulijui. Wewe simama hapa tu. Ukinisikia nimeita, ingia."

"Na usipoita?"

"Ingia pia."

Alishusha mapazia, akawasha taa moja, akakaa kwenye kiti cha baba yake. Kwanza alichukua kifutio akajaribu kufuta zile herufi za jina lake. Penseli haikufutika. Alivyozidi kusugua ndivyo shavu lake lilivyozidi kuwaka, hadi akaona tone la damu limeangukia goti, akaacha. Ndipo ile harufu ya nywele zilizoungua ilipoanza kupanda, taratibu kwanza, kisha nzito, ikamjaa puani na kooni na hata machoni, na mlio ule wa *tik, tik* ukatoka kwenye picha ukahamia kwenye meza, ukatoka mezani ukapanda miguu ya kiti, ukamwingia mgongoni pingili kwa pingili, huku taa ikinywea bila kuzimwa na kuta za chumba zikisogea au giza likisogea, hakuweza kujua ni kipi, na mbele yake, ndani ya fremu, kifua cha koti jeusi kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, kikivuta pumzi ndefu ya mtu aliyeamka usingizini na kumkuta mgeni aliyekuwa akimngoja.

"Karibu, binti wa mkaguzi," ilisema sauti. Ilikuwa sauti ya upole, na upole wenyewe ulimsimamisha nywele.

"Sijakaribia kwako. Wewe ndiye uliyeletwa kwangu."

"Una ulimi. Baba yako alikuwa na adabu, aliandika yote hadi mwisho bila kubishana."

"Ulimfanya nini?"

"Nimfanye nini? Sisi hatuna miili kama yenu. Mimi nina huu, wa turubai na mafuta, nao unachakaa. Mtu mwaminifu akikaa mbele yangu akaona uchakavu wangu, akauandika na kuutilia jina lake, anaubeba. Waongo hawanifai, hawaoni vizuri." Kicheko kilichobanwa kikafunguka kidogo. "Baba yako alibeba vizuri sana. Alipokufa mzigo ukarudi, ndiyo maana niko hapa. Yamebaki macho. Andika jicho moja, la pili nitakuachia. Pale penye mchoraji, mwandike yule bingwa, bosi wako afurahi, mpewe sifa nyote wawili."

Ukungu uliingia jicho lake la kulia, na pichani macho mabovu yakaanza kujijaza rangi. Alifumba, akafumbua, ukungu haukutoka. Vidole vyake vilikuwa vimeshaishika penseli na penseli ilikuwa inajivuta kwenye karatasi, na mstari wa jicho ukaandikika wenyewe mbele yake, ukabaki kutiliwa herufi tu.

"Tia jina," sauti ilinong'ona. "Uende nyumbani kwa mama yako."

"Thubutu!"

Neno hilo lilimtoka kwa nguvu hata Mbavu akalisikia nje. Akaubana mkono unaoandika chini ya kwapa lake mwenyewe hadi ukatulia.

"Nani alikuchora?" aliuliza.

Mlio ukakoma.

"Nimekuuliza. Hiyo nayo ni nusu ya kazi yangu. Nani alikuchora?"

"Alikufa zamani. Baba yako alitafuta, akaandika hajulikani."

"Baba yangu alipofika mstari huo alikuwa haoni. Mimi bado naona."

Akainua lenzi. Na safari hii aliuvunja utaratibu aliofundishwa toka utotoni, akaanza na macho. Aliyaangalia kwa jicho lake moja zima, karibu kabisa, hadi ile pumzi ya nywele za kuungua ikampiga usoni. Macho yale hayakumtazama yeye wala mtu yeyote aliyewahi kukaa upande huu. Yalitazama kwa pembe, makali, yanapima, macho ya mtu anayejiangalia kwenye kioo. Akashuka kwenye koti. Vifungo vilikuwa upande usio wake, vimegeuka, kama koti la kiume linavyogeuka kiooni. Akafuata bega la mkono usioonekana, ule uliopotelea nje ya fremu. Bega lilikuwa limeinuka. Mkono ule ulikuwa kazini.

"Lo!" alisema Bi Lenzi, na katika hofu yake yote alikaribia kucheka. "Wewe hukuchorwa na mtu. Umejichora."

"Usiandike hivyo."

"Ulikaa mbele ya kioo ukajitengenezea mwili."

"Binti, nitakurudishia mkono."

"Tena ukaficha mkono uliofanya kazi, ili mstari wa mchoraji ubaki wazi, na kwenye karatasi nzima jina liwe moja tu, la mkaguzi. Kasoro ni za mwenyewe, bwana. Mimi kazi yangu ni kuziona."

"Nitakurudishia na uso! Nitakupa umri mrefu! Nitakuonyesha baba yako, ukitaka, anakuita, msikie!" Na kweli, toka nyuma ya turubai ikaja sauti ya mzee, imechoka, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Machozi yalimmwagika. Aliitamani ile sauti kuliko kitu chochote duniani, na kwa kuwa aliitamani hivyo, hasira yake ikavuka mpaka.

"Umemtesa hai, sasa unamtumia maiti?" alisema. "Haya, subiri."

Jicho la pili likaanza kujaa ukungu. Akainamisha uso hadi pua ikagusa fomu, akaandika kwa nguvu zake zote, penseli ikitoboa karatasi: *Mchoraji: yeye mwenyewe aliye pichani, kwa mkono wake, akijitazama kwenye kioo. Kasoro zote zilizotajwa hapo juu, na za macho yote mawili, ni za mwili wake.* Kisha akatia herufi za jina lake kwenye mstari huo, taratibu, bila haraka yoyote.

Mlio uliotoka hapo Mbavu hajaweza kuusimulia hadi leo. Akianza hushika masikio. Alisukuma mlango akaingia, akamkuta Bi Lenzi amesimama, na mbele yake turubai likipasuka, kwanza mkono, *chwaa*, toka kidole gumba hadi kifundo, kisha shavu, nyufa zikikimbizana, kisha jicho la kulia likatumbukia ndani na la kushoto likabanduka vipande vipande hadi sakafuni. Harufu ikakatika ghafla. Bi Lenzi alifungua mapazia, akaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya dirisha, akakunja kidole kimoja baada ya kingine. Vyote vitano vilimtii.

"Dada, imekuwaje?"

"Imekuwa ilivyo," alisema, akakaa sakafuni akalia kwa sauti, na Mbavu akakaa kando yake, hana la kufanya na ile mikono yake mikubwa.

Bwana Nyundo alipoiona picha alishika kichwa. "Umeniharibia mali ya watu!"

"Soma fomu, bwana mkubwa. Mkono, shavu, macho. Ndivyo ilivyoletwa Jumatatu."

"Na hili la mchoraji ni upuuzi gani? Nani atainunua?"

"Hakuna. Iondoe kwenye orodha."

Aliiondoa. Mwenye mali alipoandikiwa alijibu kwa mstari mmoja kwamba haitaki irudi kwake kamwe. Mbavu alishauri wamwage mafuta ya taa waipige kiberiti nyuma ya jengo, na mama naye alisema hivyohivyo. Bi Lenzi alikataa. Ukiichoma, aliwaambia, unamvua mwili uliochakaa, kesho atajichora mwingine mpya, na mimi sitakuwapo. Akae humohumo.

Basi bwana mwenye koti akatundikwa chumba cha ukaguzi, ukutani, akitazamana na kile kiti. Na kila mwaka, tarehe aliyofariki baba yake, mchana, Bi Lenzi hufunga mlango, huketi, huchukua fomu mpya na kuikagua upya, siku hizi akianza na macho, kila ufa na urefu wake, kwa sauti ya juu, halafu pale penye mchoraji huandika yaleyale. Kila mwaka hali huwa mbaya kuliko uliotangulia. Ameshaipangia kukaguliwa mara kumi na moja, mara moja kwa kila mwaka wa giza la mzee.

Mwaka huu, ambao ni wa nne, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuandika tundu la jicho la kulia aliposikia sauti toka ukutani, nyembamba, ya kuomba.

"Inatosha, binti wa mkaguzi. Nimechoka."

Bi Lenzi alichonga penseli, akapuliza vumbi lake, akaegemea nyuma kwenye kiti cha baba yake.

"Nyamaza," alimwambia. "Sijafika hata shavuni."